Uvae nini siku ya kupiga picha ya kikazi

Picha ya kikazi, ile unayoweka LinkedIn, kwenye tovuti ya ofisi, kwenye CV au kwenye bango la semina, inakukata katikati ya kifua. Sketi haionekani. Viatu havionekani. Mkanda wako mzuri hakuna atakayejua kama ulikuwepo. Kinachobaki ni uso, shingo, mabega na kipande cha nguo kisichozidi upana wa viganja viwili. Wengi wanaokuja studio kwangu, hapa Kariakoo, wamechagua nguo mbele ya kioo kirefu, wakijitazama kuanzia utosini hadi kisiginoni, kwa macho ya mtu anayekwenda harusini. Gauni limewakaa vizuri kiunoni, lina mpasuo mzuri, na vyote hivyo tunavikata. Nguo ya picha hii inachaguliwa kuanzia shingoni.

Kwa hiyo fanya hivi nyumbani. Toa kabatini nguo tano au sita za juu unazozipenda. Simama karibu na dirisha mchana, jua lisikupige moja kwa moja, umpe mtu simu akupige kuanzia kifuani kwenda juu, bila flashi na bila ile programu ya kulainisha ngozi. Kila nguo picha moja. Kisha zitazame kwa namna tatu. Kwanza zikate mraba, kwa sababu ndivyo zitakavyotumika. Pili zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, uone kama uso na nguo vinatofautiana au vimeungana. Tatu zipunguze hadi zilingane na ukucha wa dole gumba, maana kwenye simu ya mtu anayepitia majina arobaini ya waombaji kazi, hicho ndicho kipimo utakachoonekana nacho. Nguo ambayo katika udogo huo bado inakupeleka machoni mwa mtu, ibakishe. Ile inayokufanya uone kwanza ua, kifungo au maandishi, irudishe kabatini. Jaribio hili linachukua robo saa na limeokoa wateja wangu wengi kununua nguo wasizozihitaji.

Uliza picha inakwenda wapi

Kabla ya rangi, jua nani ataitazama. Mwanasheria anayepigwa kwa ajili ya ukurasa wa kampuni ya uwakili anavaa suti nyeusi au ya buluu iliyoiva, na wengine wanataka picha ya pili wakiwa na gauni na vile vitambaa viwili vyeupe vya shingoni. Daktari anaweza kuvaa koti jeupe, ila liwe lake, lililofuliwa, kalamu zimetolewa mfukoni. Mtu wa kompyuta anayetafuta kazi kwenye kampuni changa akija na tai na kizibao ataonekana mgeni mahali anapotaka kuajiriwa. Shati safi la kola au blauzi isiyo na makeke inamtosha. Kanuni ninayowapa watu wote ni moja: vaa kama unavyovaa siku unayokwenda kukutana na mkubwa wa kazini kwako, siku ile unayotaka akusikilize.

Mila za mahali zina uzito wake. Chukua Kaunda suti, iliyopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Hapa kwetu mzee akiivaa anaheshimika ofisini na msibani, na mimi naipenda sana kwenye picha kwa sababu kola yake inakaa imara na haidai tai. Lakini Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku ndani ya Bunge, wakati huohuo Rais William Ruto akiwa anaivaa mara kwa mara hadharani. Vazi ni lilelile. Wanaolipokea ni tofauti. Kama picha yako inakwenda kwenye taasisi usiyoijua, ingia kwenye tovuti yao utazame waliopo wamevaaje.

Picha za viza na pasipoti ni jambo jingine, zina masharti yake, usizichanganye na hizi. Viza ya Marekani, kwa mfano, inataka picha ya milimita 51 kwa 51, nyuma kuwe kweupe, na tangu tarehe 1 Novemba 2016 miwani haivaliwi. Ukivaa shati jeupe mbele ya ukuta mweupe mabega yanapotea, basi vaa rangi iliyokolea ukapige na uende zako.

Muulize pia mpiga picha pazia la nyuma ni la rangi gani. Suti nyeusi mbele ya pazia jeusi inakuacha kichwa kinachoelea, isipokuwa awe na taa ya nyuma ya kuchora mabega. Na kama anatumia pazia la kijani ili abadilishe mandhari baadaye, nguo yoyote ya kijani itaondoka pamoja na pazia.

Shingo na kola

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi na mteja, kwa sababu kola iko sentimita chache tu chini ya kidevu, na kosa lolote pale linaonekana kuliko kosa jingine lolote la mavazi.

Shati la kiume: funga kifungo cha juu kabisa, hata kama hutavaa tai, kisha ingiza vidole viwili kati ya kola na shingo. Vikiingia bila kubana, shati ni lako. Kama kidole kimoja kinapita kwa taabu, shingo itajikunja juu ya kola na utaonekana umenenepa kuliko ulivyo. Kama mkono mzima unaingia, kola itaning'inia na utaonekana mgonjwa. Mashati ya mtumba pale Karume na Ilala yana namba ya shingo ndani ya kola, kwa inchi au kwa sentimita. Jipime kwa tepu ya fundi mara moja, uijue namba yako, utaacha kubahatisha.

Usipovaa tai, fungua kifungo kimoja. Viwili vikifunguliwa kola inalala, na fulana ya ndani inachungulia. Fulana ya ndani iwe ya shingo ya V na ya rangi iliyo karibu na ngozi yako; nyeupe inaonekana chini ya shati jeupe, watu hawaamini mpaka wajione. Tai ivaliwe na fundo lililojaa, likae katikati na kufunika kifungo. Nguo yenye kola laini inayojikunja ncha, ipigie pasi na dawa ya kukazia, au weka kipande kidogo cha selotepu chini ya ncha. Hakuna atakayekiona.

Kwa wanawake, shingo ya nguo inaamua umbo la uso. Shingo ya V isiyoshuka sana inarefusha shingo na inampendeza karibu kila mtu. Shingo ya duara iliyo juu sana, hasa kwa mwenye shingo fupi, inakiweka kichwa juu ya mabega moja kwa moja. Shingo ya mtumbwi, ile pana inayokwenda hadi mabegani, ni nzuri ikiwa mikanda ya sidiria haichungulii. Leta isiyo na mikanda. Nguo ya mabega wazi iache nyumbani kabisa, hata kama ni ya heshima. Tukishakata fremu kifuani, nguo yenyewe haionekani tena na mtu anabaki kama hajavaa kitu. Nimeshamwambia hivyo mkurugenzi mmoja wa shirika, mama mtu mzima, akakataa kabisa. Nikamwonyesha kwenye skrini, akaenda kuvaa koti bila neno la pili.

Mikono ya puto, ile inayopandishwa juu begani, inakula nafasi pembeni mwa uso. LinkedIn na WhatsApp zote zinaikata picha duara, kwa hiyo pembe zinaondoka, na puto nusu linabaki likionekana kama mto umebanwa sikioni.

Mabega ya koti

Mshono wa bega la koti uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukizidi, koti ni la kuazima. Fundi wako mtaani atapunguza kiuno, atafupisha mikono, atarekebisha mgongo, vyote kwa bei ya kawaida. Bega ni kazi ngumu. Ni kulifumua koti lote, na wengi hawalirudishi vizuri. Kwa hiyo ukienda kununua, pima bega kwanza, mengine yatatengenezeka.

Mhasibu mmoja kijana kutoka Temeke alikuja na makoti matatu ya kaka yake, yote mapana. Alikuwa anaomba kazi kwenye shirika la kimataifa na hakuwa na pesa ya suti. Mwenyewe alikuwa amevaa shati la damu ya mzee, la zamani, limekaa mwilini vizuri sana. Tulichukua koti la kijivu, ambalo bega lake halikuzidi sana kama ya yale mengine mawili, tukalivuta kwa nyuma na kulibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, vitatu, mstari mmoja katikati ya mgongo. Mbele likanyooka. Nikamwambia akae na akalie pindo la nyuma la koti, ili lisipande shingoni, na afungue kifungo chake cha chini. Ukiitazama ile picha utasema koti limeshonwa kwa vipimo vyake. Mpiga picha yeyote anayejua kazi ana vibanio. Kama hana, beba vyako.

Rangi, na habari ya nyeupe

Nianze na ushauri ninaousikia sana na nisioukubali: kwamba mtu mweusi asivae nyeupe kwenye picha. Ushauri huo umetoka mbali. Filamu za rangi za Kodak kwa miaka mingi zilisawazishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi wa maabara waliziita kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha sahihi. Ngozi nyeusi ikitoka bila sura, wapiga picha wakazoea kulaumu ngozi na nguo. Kamera za leo haziko hivyo, lakini tabia imebaki.

Kinachotokea kweli ni hiki. Mita ya kamera, kile kipima mwanga kilicho ndani yake, imetengenezwa ikiamini kwamba vitu vyote mbele yake, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha kati, kile kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Ukija na shati jeupe lililojaa fremu, mita inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso wako unazama. Ukija na suti nyeusi mbele ya pazia jeusi inafanya kinyume, inaongeza mpaka uso unapauka. Dawa yake ni mpiga picha apime mwanga usoni, si kwenye nguo. Hiyo ni kazi yake, na una haki ya kumwambia arudie kama uso wako umetoka mweusi kuliko ulivyo.

Wewe kwa upande wako unaweza kumsaidia. Vaa nyeupe ndani ya koti, ibaki ile pembetatu ya kifuani tu. Nyeupe kidogo karibu na kidevu inafanya kazi nzuri sana: inarudisha mwanga juu na kufungua vivuli vya chini ya macho. Na badala ya nyeupe ya karatasi, jaribu rangi ya maziwa au ya malai, inapokelewa vizuri zaidi na ngozi zetu.

Rangi ninazozipendekeza bila wasiwasi ni zile zilizoiva: buluu ya bahari kuu, kijani cha chupa, damu ya mzee, zambarau, haradali, kahawia ya udongo. Feruzi kwa ngozi nyeusi tii ni nzuri mno na haivaliwi vya kutosha. Kijivu kinafaa koti, lakini kijivu juu na kijivu nyuma vinachosha. Kuwa mwangalifu na rangi zinazokaribia sana ngozi yako mwenyewe, zile za kahawia isiyo na mpaka; ile picha yako ya nyeusi na nyeupe itakuonyesha mara moja, shingo na blauzi vimekuwa kitu kimoja.

Rangi kali za kung'aa, machungwa na kijani cha koti la bodaboda, zina tatizo lake. Taa inapiga nguo, nguo inarudisha rangi yake, na chini ya kidevu unapata kivuli cha machungwa au cha kijani. Kukisafisha baadaye kwenye kompyuta ni kazi ya kuudhi na mara nyingi kinabaki.

Mistari, maua na kitenge

Mistari myembamba iliyobanana, na vile vidraba vidogo vya mashati ya ofisini, viogope. Ndani ya kamera kuna sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga, yenye vitone vilivyopangwa safu kwa safu, na mistari ya nguo ikikaribia upana wa safu hizo, viwili vinagombana. Picha inatoka na mawimbi ya rangi za upinde wa mvua yasiyokuwepo kwenye nguo. Wakati mwingine picha kubwa iko safi, mawimbi yanazuka unapoipunguza kuiweka mtandaoni. Jipime hivi: litundike shati ukutani, rudi hatua tatu au nne. Mistari ikianza kucheza machoni mwako, na kamera itaiona inacheza.

Kitenge ninakitetea. Kuna ofisi bado zinaona suti ndiyo nguo ya kazi peke yake, na nimepiga picha za wakurugenzi waliovaa kitenge zikatoka na hadhi ambayo suti isingewapa. Ila kitenge kinahitaji akili. Nakshi zake nyingi zimepangwa kwa mwili mzima. Duara la upana wa sahani linapendeza kwenye gauni refu, na kwenye fremu yetu unapata robo ya duara chini ya sikio la kushoto. Tafuta chenye nakshi ndogo zinazojirudia, kisichozidi rangi tatu, na moja kati ya hizo iwe ya kuiva. Mwambie fundi aweke sehemu tulivu ya kitambaa kifuani na ile yenye makeke iende mgongoni au chini. Au shona kitambaa cha rangi moja chenye ukanda wa kitenge kwenye kola na ukingo wa mbele tu. Njia nyingine ninayoipenda zaidi ya zote ni blauzi ya kitenge ndani ya koti la rangi moja: kinabaki kipande chembamba cha kitenge chini ya shingo, uso unapata rangi, na hakuna kinachogombana nao.

Kitenge kipya cha dukani kina mng'ao na ukakamavu wa kiwandani. Kifue mara moja kabla ya kukipeleka kwa fundi. Kitalainika, kitaacha kurudisha taa, na kama kinarudi kirudi kabla hakijakatwa.

Kanga ni ngumu zaidi kwa picha hii. Pindo na jina vinakatwa ovyo, unabaki na nusu ya maneno kifuani, na msomaji atayasoma kabla hajakutazama. Batiki na vitambaa vya rangi zilizoyeyukiana vinapita vizuri.

Fulana au shati lenye nembo ya ofisi livae tu kama nembo itaonekana nzima. Na tafadhali vua kamba ya kitambulisho.

Hijabu, kanzu na kofia

Kwa anayevaa hijabu, hijabu ndiyo nguo kuu ya picha, maana ndiyo inayouzunguka uso. Ichague kwanza, kisha blauzi au baibui lifuate. Mhadhiri mmoja kutoka Unguja alikuja na tatu: ya satini ya rangi ya dhahabu aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, ya shifoni nyeusi, na ya pamba ya rangi ya zambarau anayofundishia. Tulianza na ya satini kwa heshima ya pesa yake. Kila mkunjo ukashika taa, na pembeni mwa shavu kukawa na mstari mweupe unaong'aa kuliko macho yake. Ya shifoni nyeusi juu ya baibui jeusi ilimpa uso peke yake gizani, bila shingo wala mabega. Ile ya zambarau, ambayo alikuwa ameibeba tu akiba, ilikaa kimya, ikaonyesha umbo la uso, na mikunjo yake ilikuwa laini. Ndiyo iliyotumika.

Kwa hiyo pamba, viskosi, au kitambaa laini cha fulana kisichong'aa. Vaa kofia ya ndani ili kitambaa kisirudi nyuma, na isionekane kipajini isipokuwa umeamua ionekane. Mkunjo wa pembeni usitoke mbele ya shavu, unaangusha kivuli. Pini moja ya rangi ya kitambaa chini ya kidevu, nyingine begani kwa nyuma. Na hijabu itofautiane na nguo angalau kwa kukolea, hata kama ni rangi za ukoo mmoja.

Kanzu nyeupe ni vazi zuri la picha, mbele ya pazia la kijivu au la buluu, na koti juu yake likiwa jeusi au la kahawia inapendeza zaidi. Kofia ikae juu kidogo kuliko ulivyozoea, vidole viwili juu ya nyusi, ili isiangushe kivuli machoni. Kilemba hivyohivyo: kisiwe kirefu mpaka fremu ilazimike kupanda, kwa sababu kila fremu ikipanda uso unapungua.

Kitambaa na pasi

Pamba, kitani kilichochanganywa na kitu kingine, na sufu nyepesi vinapokea taa vizuri. Poliesta ya bei rahisi na satini vinang'aa. Mahameli inakula mwanga na inaonyesha kila unyuzi na kila chembe ya vumbi. Kitani kitupu ni kizuri kukitazama, lakini kikitoka Mbagala hadi Kariakoo kwenye daladala kimeshajikunja.

Piga pasi usiku, usisubiri asubuhi, umeme ukikatika utavaa kilichokunjamana. Kola ipigwe upande wa ndani kwanza, kisha wa nje, kuanzia ncha kuelekea katikati. Nguo nyeusi ipigwe kwa ndani au juu yake utandike kitambaa, isije ikapata ile alama inayong'aa ya pasi. Koti ulilolitoa kwa dobi likague lebo na pini za karatasi.

Miwani na vito

Kama unavaa miwani kila siku, ivae, watu wakutambue. Ifute, na mwambie mpiga picha apandishe taa ili zisionekane kwenye vioo. Miwani inayobadilika rangi juani usije nayo kama studio ina dirisha kubwa. Hereni ndogo, mkufu mmoja mwembamba au usiwepo. Hereni ndefu zinagusa bega ukiinamisha kichwa, kisha zinajipinda.

Siku yenyewe

Usije umevaa nguo ya picha, hasa kati ya Desemba na Machi jiji likiwa linachemka. Ibebe kwenye hanga, ndani ya mfuko wake, wewe uje na fulana. Fika mapema upoe mbele ya feni dakika kumi na tano, ujifute shingo, ndipo uvae. Blauzi ya kupitishia kichwani ivae kabla ya kujipamba, au uchague ya vifungo, vinginevyo fondesheni itabaki kwenye kola na hakuna wa kuitoa saa hiyo. Weka leso shingoni mpaka dakika ya mwisho. Kinyozi umwone siku moja au mbili kabla, vipele vya wembe vitulie.

Beba nguo tatu za juu na koti moja: ile uliyoipenda kwenye jaribio la dirishani, ya pili yenye rangi tofauti kabisa, na ya tatu iliyo rasmi zaidi au isiyo rasmi sana. Tatu zinatosha. Wanaobeba begi zima wanachoka kubadilisha, na uchovu unaonekana machoni.

Baada ya picha chache za kwanza omba uone skrini. Usianze na tabasamu. Tazama kola kama imelala sawa pande zote mbili, mabega kama yako mstari mmoja, shingo kama ina mikunjo, pini kama inachungulia. Rekebisha hapohapo, mwambie aendelee. Jambo la sekunde tano mbele ya kamera linaweza kuwa nusu saa kwenye kompyuta.

Picha ikitoka vizuri, andika mahali ulivaa nini na pazia lilikuwa la rangi gani, utahitaji kujua utakapopiga nyingine. Na utaipiga tu: ukianza kuvaa hijabu, ukikata rasta, ukifuga ndevu, ukipata miwani, au mtu akikutana nawe kwenye usaili akakutazama mara mbili kabla ya kukutaja jina.